Kabla Hujakubali Chumba kwa Mjomba Taban

Ayiko mwanangu,

Umeenda kusuka nywele, mama yako yuko kanisani na wenzake wa kwaya, na mvua imenifungia hapa barazani na kalamu. Nitakupa barua hii mkononi tukishamaliza kula, uisome kabla hujafunga begi. Sitaki uisomee kwenye gari la Koboko. Ukiwa ndani ya gari utakuwa umeshaamua.

Mambo ya kuchemsha maji, kuvaa vizuri, kupiga simu nyumbani na kutotembea na watu usiowajua, hayo yote mama yako ameshakwambia mpaka nimeona unahesabu vigae vya paa. Mimi nina jambo moja. Linamhusu mjomba wako Taban, ndugu wa mama yako, ambaye kesho atakungoja pakini, magari yanaposimama, na ambaye amekuandalia chumba nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyekutajia hiyo kazi ya kusimamia bustani za mtaa kule Koboko. Nimemshukuru kwa simu. Lakini wewe unanijua. Mimi nikipewa kitu huangalia kwanza mkono unaonipa.

Ulipokuwa mdogo ulinicheka kwa tabia hiyo. Ukiniletea chai, ulikuwa unakunywa funda moja mbele yangu na kusema, "Ona Baba, sijafa." Tabia hiyo niliitoa Oraba. Kabla hujazaliwa nilikuwa wakala wa forodha pale mpakani, malori yakipanga foleni kwenda Kaya upande wa Sudan, na kazi yangu ilikuwa kuwa katikati ya dereva, mwenye mali na askari, wote watatu wakinidanganya kwa wakati mmoja. Nilijifunza kwamba gunia lililoshonwa upya lina uzi unaong'aa kuliko mengine. Nilipotoka pale kuja Arua nilikuja na macho hayo hayo. Mama yako husema kwa miaka mingi alihisi anaishi na mtu anayempekua. Hakukosea.

Sasa unakwenda kusimamia bustani, kazi niliyoifanya mimi hapa Arua, kwa hiyo nakueleza kilichotokea kwenye bustani yetu. Sehemu umeisikia. Sehemu hujaisikia kwa sababu tulinyamaza mbele yako, na mama yako angependa tuendelee kunyamaza.

Arua ilipoanza kupanuka, watu wengi mjini walijikuta hawana hata mahali pa kupanda kitunguu. Ndipo ukaanzishwa mpango wa bustani za mtaa, nami nikapewa kuusimamia. Unapakumbuka pale bondeni kando ya kijito, mahali palipokuwa pakitupwa takataka. Tulichimba chupa na mifuko kwa wiki nyingi mpaka tukafika kwenye udongo. Tukagawa matuta kwa familia zisizo na shamba, tukanunua majembe, ndoo na bomba moja la kupulizia dawa, tukajenga stoo ya mabati ya kuviweka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kugawa. Wafanyabiashara waliotoka Kongo walijiandikisha mwisho, nami nikawapa wote pembe moja ya chini, karibu na maji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki. Sikufikiria kitu. Lakini baada ya msimu mmoja tu watu walikuwa na neno lao, "wale wa kule chini." Neno kama hilo likishakuwepo, linangoja tu siku ya kutumika. Wewe ukigawa matuta, wachanganye. Hata wakinung'unika, wachanganye.

Kosa la pili lilikuwa stoo. Taban alikuwa amekuja kutoka Kuluba kutafuta maisha mjini, na mama yako aliniomba nimsaidie. Nikampa funguo. Unamjua alivyo: anaingia mahali pa watu waliokasirika, na baada ya muda mfupi wote wanacheka. Bustani nzima ilimpenda. Mimi pia nilimpenda, nami si mtu wa kupenda ovyo. Yeye ndiye aliyekufundisha baiskeli, na ulipoanguka ukachubuka goti, alijitupa chini naye ili usilie peke yako. Niliwashuku watu wote wa bustani ile, mmoja baada ya mwingine. Yeye sikumshuku hata siku moja.

Msimu ninaousema tulipanda nyanya na maharage kwa wingi. Nyanya zilipoanza maua, wakaja wadudu weupe chini ya majani, na watu wakaanza kuchukua bomba stoo kwa zamu ili wapulizie dawa. Siku chache baadaye majani yakaanza kukunjamana. Hayakukauka, hayakuwa na madoa. Yalijisokota kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, na shina nalo likapinda, kana kwamba mmea unajaribu kuangalia nyuma. Maharage yakafuata. Ukipita asubuhi unaona tuta baada ya tuta limejikunja hivyo, na wenye matuta wamesimama mikono kiunoni.

Tuta moja kule chini lilikuwa zima. Lilikuwa la Mama Furaha.

Huenda unamkumbuka: mwanamke mrefu, mnene kidogo, aliyeuza mawese na samaki wakavu sokoni. Alitoka upande wa Ariwara, kule Kongo, mumewe alikuwa amefariki, na alikuwa na binti mmoja, huyo Furaha. Hakuwa mtu wa hadithi. Alifika bustanini kabla jua halijatoka, akainama, akamaliza, akaenda sokoni wakati wengine ndio wanafika. Kwa mtu mwenye macho kama yangu, hilo peke yake lilitosha. Nakwambia ukweli, mimi ndiye niliyemshuku wa kwanza, kimya kimya.

Ila mimi sikusema. Aliyesema alikuwa Taban, na alisema kwa namna ambayo nataka uijue, kwa sababu utakutana nayo tena. Alikaa mlangoni pa stoo, watu wakija kurudisha majembe anawapa pole, halafu anatikisa kichwa.

"Mimi sisemi kitu," anasema. "Mimi nauliza tu. Kwa nini yake peke yake iko mzuri?"

Basi. Haongezi. Anageukia mambo mengine. Mtu anaondoka na lile swali, na akifika nyumbani ameshapata jibu mwenyewe, na jibu la kujipatia mwenyewe mtu hulipenda kama mtoto wake. Kabla ya Jumapili bustani nzima ilijua kwamba Mama Furaha alikuwa amemwaga kitu kwenye maji. Wengine walisema ni dawa ya kutoka kwao. Wengine walisema alitaka nyanya zetu zife ili auze zake kwa bei anayotaka.

Nikaita mkutano pale pale bustanini. Walikuja mpaka watu wasio na tuta. Mama mmoja wa matuta ya juu ndiye aliyeanza.

"Mzee, huyu mama atoke. Anakuja giza bado iko. Anafanya nini na giza?"

Wakaguna kumkubali. Mama Furaha alikuwa amesimama pembeni na beseni lake. Hakuinua sauti.

"Nakuja asubui juu soko inaningoja," akasema. "Mutu akitaka kujua nafanya nini, aamuke, akuje aone. Miye sina maneno na mutu."

"Na nyanya zako?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nyanya yangu ni nyanya. Unataka nizifanye zife ndio ufurahi?"

Zikapigwa kelele. Nikasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasema hakuna mtu anayetoka wala tuta linalochukuliwa mpaka nijue kilichotokea. Taban alikuwa kando yangu. Aliinua mikono kutuliza watu. "Mzee amesema vizuri," akawaambia. "Tungoje." Nilimshukuru moyoni.

Kesho yake asubuhi nilipofika, tuta la Mama Furaha lilikuwa limeng'olewa lote. Nyanya zilikuwa zimekanyagwa ndani ya udongo, vijiti vimevunjwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama anaokota zile mbichi ambazo hazikupasuka, anazifuta kwa kitambaa chake, anaziweka kwenye beseni. Alipomaliza aliniangalia.

"Ulisema tungoje," akasema. "Miye nilingoja."

Akatwika beseni akaondoka. Sokoni hakuonekana tena. Baadaye nilisikia amehamia upande wa Koboko.

Aliyeng'oa sikumjua, na mpaka leo simjui. Kwa muda mrefu kila aliyenisalimia pale bustanini niliangalia kwanza viganja vyake, kisha uso wake. Nilikuwa mtu wa kuchosha, mwanangu. Lakini ndani ya uchungu ule kitu kilianza kunisumbua. Watu wote walikuwa wanajua kwamba Mama Furaha ndiye aliyeziua nyanya. Hakuna aliyekuwa na shaka hata kidogo. Kule Oraba, nilipoona dereva, mwenye mali na askari wamekubaliana bila kubishana, ndipo nilipofungua gunia.

Siku hizo Mzee Ezati alikuwa mgonjwa. Ni yule mzee wa tuta la katikati upande wa juu, mwenye mguu unaovimba. Nilikwenda kumjulia hali. Mkewe akaniletea ugali wa muhogo na kunde zilizopikwa na nyanya.

"Nyanya hizi mmenunua?" nikauliza, nikila.

"Tununue za nini?" mzee akasema. "Hizo ni za kwetu pale bustanini."

"Zenu hazikukunjamana?"

"Mbona zikunjamane?"

Niliacha kula. Nilikwenda moja kwa moja bondeni, nikaliangalia tuta lake. Lilikuwa zima, majani yamenyooka, katikati ya matuta yaliyojikunja kushoto na kulia. Tulikuwa tumepita hapo kila siku. Hakuna aliyeliona, au walioliona hawakuona ajabu, kwa sababu Mzee Ezati ni mtu wa hapa na hana adui. Nikarudi kumuuliza amezifanyia nini nyanya zake. Akasema hakufanya kitu, mguu ulikuwa unamuuma, hakuweza kubeba bomba la dawa, akamwachia Mungu wadudu hao. Mama Furaha naye, nilikuja kukumbuka, hakuwahi kupanga zamu ya bomba. Alikuwa akiwakamata wadudu kwa vidole na kuwamwagia majivu.

Unayakumbuka yale makopo ya rangi nyuma ya jiko, niliyokukataza kuyagusa? Ulinicheka: "Baba, siku hizi unapanda nyanya kwenye makopo kama mtoto?" Nilikuwa nimechukua bomba stoo, nikamwambia Taban kwamba nataka kupulizia mchungwa wetu. Nililijaza maji matupu, maji ya kunywa, nikapulizia miche ya makopo ya kushoto. Ya kulia niliinyunyizia maji hayo hayo kwa kikombe. Sikumwambia mtu, hata mama yako. Basi ya kulia iliendelea kukua. Ya kushoto ikajisokota.

Nilibeba kopo moja mchana nikaenda nalo stoo. Taban alikuwa peke yake, anafunga mpini wa jembe. Nikaliweka kopo mbele yake.

"Shemeji," nikamwambia, "bomba lilikwenda wapi?"

"Bomba? Bomba iko hapa kila siku."

Alilitazama kopo, akacheka kidogo, akangoja nicheke. Kisha akaacha.

"Kuna jamaa mmoja, rafiki yangu," akasema. "Iko na shamba ya mahindi, alitaka kupulizia dawa ya kuua magugu. Nilimwazima siku moja tu. Alirudisha, akasema ameosha."

"Ulijua lini kwamba ni bomba?"

Akaendelea kufunga kamba kwenye mpini, ingawa fundo lilikuwa limeshakaza.

"Kabla ya mkutano?"

Akakata ncha ya kamba iliyobaki.

"Taban. Kabla ya mkutano?"

"Mimi sikusema ni yeye," akanijibu. "Mimi niliuliza tu."

Ayiko, dawa ya kuua magugu iliyobaki ndani ya bomba ni ajali. Kuazimisha bomba la watu ni ujinga. Hayo mawili ningeyameza, na watu wangeyameza, wangepiga kelele siku mbili halafu wangepanda tena. Lakini alijua kilichoziua nyanya, akakaa mlangoni pale akiwapa watu swali la kubeba nyumbani. Hilo sikuweza kulimeza.

Nikaita watu tena. Niliwaonyesha makopo, nikaeleza, Taban akiwa amesimama pale pale. Mama yako mpaka leo anasema ningemwita pembeni, ningemwacha aseme mwenyewe, ni ndugu yake wa tumbo moja. Mimi nilimjibu kwamba Mama Furaha hakuitwa pembeni. Tulibishana hivyo, kisha hatukubishana tena kwa sababu hatukusemezana. Uliishi katikati ya ule ukimya ukifikiri tunagombana kwa ajili ya ada yako ya shule. Haikuwa hivyo.

Na usidhani watu waliona haya. Wachache ndio waliona. Yule mama aliyetaka atoke alilia. Wengine walisema sawa, bomba lilikuwa na dawa, lakini yule Mkongo naye lazima alikuwa na lake, la sivyo angekimbia kwa nini? Ndipo nilipoelewa jambo kuhusu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejivunia macho yangu maisha yangu yote. Kumbe yalikuwa yanatazama palipo rahisi kutazama, kwa mgeni, kwa mwenye haraka, kwa asiyenichekesha. Taban alifunga vitu vyake akarudi Kuluba bila kuaga, na mimi nikabaki na bustani nzima iliyojua kung'oa.

Miaka ikapita. Tulisikia ametulia, ameoa, amepata kazi kwenye bustani za mtaa za Koboko. Kisha mwezi huu ikaja ile simu yake. "Shemeji, nasikia mtoto amemaliza masomo ya kilimo. Hapa iko kazi ya kusimamia. Na kwangu iko chumba." Mama yako alifurahi mpaka akaimba. Mimi sikulala vizuri. Kwa nini wewe? Anaona haya? Anataka nimpigie magoti? Au bustani ile ina shida ambayo inatafuta msimamizi mgeni wa kubebeshwa, msichana asiyejua, mwenye jina la baba yake? Niliyafikiria yote, na kila moja lilionekana kweli kwa saa nzima.

Basi nikaenda. Wiki iliyopita niliposema naenda kutafuta mbegu za kunde, nilikwenda Koboko. Mbegu nilileta kweli, usimwambie mama yako vingine. Sikumpigia Taban. Nilivaa ile kofia yangu ya zamani, nikatembea kwenye bustani kama mtu anayetafuta njia ya mkato.

Ni bustani nzuri, nakwambia. Mitaro imechimbwa vizuri, mabomba ya maji hayavuji, na watu wanacheka wakifanya kazi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani niliona mabomba mawili ya dawa, moja limepakwa rangi nyekundu pande zote, limetundikwa peke yake mbali na lingine, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Nikajiambia, amejifunza. Kisha nikajiambia, au anajua kwamba watu kama mimi watakuja kuangalia. Unaona ninavyoteseka.

Nilipofika matuta ya juu, karibu kabisa na bomba la maji, palipo pazuri kuliko pote, nilimwona mwanamke mrefu ameinama. Nywele zimeingia mvi, lakini niliujua mgongo ule. Akainuka, akanitambua chini ya kofia.

"Mzee wa Arua," akasema. Hakutabasamu wala hakununa.

Nilimsalimu, nikamuuliza amefikaje pale. Akaniambia alikuwa akiuzia madereva samaki kule Oraba, na siku moja Taban akamtokea kwenye meza yake.

"Alikuya, akasema pole," akaniambia. "Akasema kuko shamba ya kulima, karibu na maji. Shamba nilikamata. Pole yake sikukamata."

"Unamwamini sasa?"

"Bomba yake ya dawa sigusi mpaka leo."

Nikamwambia pole yangu pia. Akaikubali au hakuikubali, sijui, aliendelea kung'oa magugu. Nikamweleza kwamba binti yangu anakuja kusimamia bustani ile. Nikamuuliza Furaha yuko wapi, akasema ameolewa ng'ambo ya mpaka na chumba chake kiko kitupu. Sikuwa nimepanga kusema nilichosema baadaye. Kilitoka tu.

"Ungeweza kumpa mtoto wangu hicho chumba?"

Akaacha magugu. Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, akiniangalia kama nilivyokuwa nikiangalia magunia.

"Anakuya kukaa," akauliza, "ao anakuya kuniangalia?"

Nimekaa na swali hilo wiki nzima, kwa sababu anayelijua jibu ni wewe. Akasema, "Alete uso wake kwanza. Nitaona." Nikaaga. Nilipokuwa natoka nilimwona Taban kwa mbali, upande wa stoo, amesimama na ndoo mkononi. Alikuwa ameniona, labda tangu mwanzo. Aliinua mkono. Nami nikainua wangu. Hakuna aliyesogea.

Sikukatazi kwenda kwa mjomba wako. Huenda kweli amebadilika, na mtu akibadilika anahitaji mtu wa kumwamini kwanza, na huenda mtu huyo ni wewe, kwa sababu mimi nimeshindwa. Ukikaa naye kunywa chai, muulize mbele ya mkewe, "Mjomba, kwa nini ulinitaja mimi?" Kisha nyamaza umwache ajibu mpaka mwisho. Usimsaidie kujibu, na usicheke akikuchekesha katikati. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua.

Na macho yangu usiyarithi yote. Chukua nusu. Nusu nyingine mwachie mama yako akupe ya kwake, anayeona mtu anaingia mlangoni akatafuta sahani kabla ya kuuliza jina. Nimeishi na mwanamke huyo miaka yote hii, nikimngoja anidanganye, na hajawahi kunidanganya.

Nasikia unagonga geti, mvua imepungua. Nimalize.

Kesho kuna watu wawili wanakungoja Koboko. Mmoja yuko pakini na atabeba begi lako kabla hujaliomba. Mwingine yuko bustanini ameinama, na bado hajakubali. Ungeniuliza mimi, ningeanza na huyu ambaye hajakubali.

Baba yako